Sauti Ghuna Katika Madarasa ya Chini: Ushirikiano wa Walimu wa Kiswahili Bungoma na Kitale

1. Suala Lenyewe

Makala haya yanakusudia kueleza jambo la matamshi ambalo, lisipotazamwa vyema, huweza kumnyamazisha mtoto darasani. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kibukusu, huko Bungoma, huweza kuandika "kari" badala ya "gari", "tawa" badala ya "dawa", na "fua" mahali pa "vua". Mwalimu asiyeijua lugha hiyo hutia alama ya kosa, kisha hukaripia. Naye mtoto, asiyesikia tofauti anayoulizwa, huona heri kunyamaza.

Kosa hilo lina utaratibu. Kibukusu kina vipasuo sighuna p, t, k. Lakini vipasuo ghuna hutokea baada ya nazali tu, yaani katika mb, nd na ng. Sauti b iliyo peke yake hutamkwa kwa midomo kukaribiana pasipo kuzibana. Sauti z na v hazimo. Kisabaoti cha Mlima Elgon nacho, kama lugha nyingine za Kikalenjini, hakitofautishi maneno kwa ughuna wa vipasuo.

2. Darasa la Kijijini na Darasa la Mjini

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza. Katika vijiji vingi vya Bungoma lugha hiyo ni Kibukusu. Mjini Kitale, palipokuwa kitovu cha mashamba ya walowezi na ambapo watu wa makabila mengi walihamia baada ya uhuru, ni Kiswahili. Humo Mbukusu huketi na Mkikuyu, ambaye lugha yake pia ina d baada ya nazali tu. Huyu wa pili mara nyingi husema "ndawa". Pengo ni lile lile: mmoja huondoa ughuna, mwingine huongeza nazali. Mwalimu anayewasahihisha wote wawili kwa kukariri neno "dawa" hajamsaidia yeyote.

3. Mbinu

Twapendekeza mwalimu aanzie palipo na sauti hiyo kinywani mwa mtoto: ndege, ngoma, mbuzi. Kiswahili chenyewe kina njia ya kuiondoa nazali, nayo ni hali ya ukubwa. Mtoto huambiwa amkuze ndege awe dege, ngoma iwe goma, mbuzi awe buzi, huku ameweka kiganja kooni asikie mtetemo. Mchezo huu wawafaa Mbukusu na Mkikuyu kwa pamoja.

Baadaye huja jozi za maneno kwa kuigiza. Mwalimu hutaja "piga" au "pika", "vua" au "fua", na mtoto hutenda alichosikia. Kisha mtoto hutaja, wenzake wakatenda. Anayesema "pika" akikusudia "piga" huona wenzake wakikoroga chungu. Hujisahihisha mwenyewe katikati ya kicheko, bila ya kiboko.

4. Walimu Wawili

Mbinu hizi hazimtoshi mwalimu mmoja. Mzaliwa wa eneo aijua kanuni ya lugha ya mtoto, ila sikio lake huenda limezoea "kari". Mgeni huisikia tofauti mara moja, lakini hajui chanzo chake. Basi na waliandae somo pamoja. Mmoja afundishe, mwenzake aketi nyuma akiandika wanayotamka watoto, kisha wabadilishane zamu. Mradi wa Tusome, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2015, uliwazoesha walimu wengi kutembelewa darasani na maafisa wa mtaala. Hata hivyo, wapo ambao bado huona kutazamwa ni kukaguliwa. Ndiyo maana yafaa mtazamaji aandike maneno ya watoto tu, asiandike lolote juu ya mwenzake.

5. Hitimisho

Sisi wa vyuo vikuu hatuna budi kujiuliza. Twawafundisha walimu fonolojia ya Kiswahili, kisha twawapeleka Bungoma au Kitale bila hata jedwali la sauti za Kibukusu, Kisabaoti na Kikuyu. Jedwali hilo laweza kuenea katika ukurasa mmoja. Mwalimu akiwa nalo, atatambua kwamba mtoto aandikaye "kari" amefuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu, na kwamba kazi iliyobaki ni kumfundisha kanuni ya pili.