Gundi Inapokataa Kushika: Vioo vya Magari Kati ya Somanga na Lindi

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ndani ya wilaya ya Kilwa, sehemu zilizobomoka zilifunguliwa kwanza kwa mawe na kifusi ili magari yapite. Dereva yeyote wa kusini anajua kinachofuata hapo. Lori lenye matairi pacha hubana kokoto, likiongeza mwendo huitema, na gari lililo nyuma huipokea kiooni. Kioo hakimwagiki. Kinabaki na jeraha dogo, pengine lenye nyufa fupi zilizotawanyika kama miguu ya buibui.

Fundi wa vioo akiwahiwa, hujaza jeraha hilo gundi maalumu na kuimulika taa. Zipo kazi zinazotoka safi hadi mwenye gari hulitafuta doa asilione. Zipo nyingine zinazorudi baada ya wiki chache zikiwa na ukungu mweupe, au na ufa uliotambaa hadi ukingoni. Ninavyoamini, kazi nyingi zinazoharibika katika pwani hii huwa zimeshaharibika kabla taa haijawashwa. Ndiyo maana kununua taa mpya peke yake hakuziponyi.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobana utando wa plastiki wa milimita 0.76 hivi katikati. Mfaransa Édouard Bénédictus alipata hataza ya kioo cha namna hiyo mwaka 1909. Kokoto kwa kawaida hujeruhi kioo cha nje tu. Fundi hutoa hewa iliyomo kwenye jeraha, kisha husukuma gundi kwa kibomba cha skrubu. Gundi yenyewe ni ya jamii ya akrilati, ndugu ya jeli ya kucha inayogandishwa kwa taa saluni. Haingoji kupoteza maji kama rangi ya ukuta. Ina kemikali inayonasa mionzi ya urujuanimno na kuvunjika, na vipande vyake huanza kuunganisha molekuli, moja baada ya nyingine, mpaka kimiminika kinakuwa kitu kigumu.

Gundi inayonata juu baada ya kumulikwa huwatisha wateja kuliko inavyostahili. Oksijeni ya hewani huvizima vile vipande kabla havijafanya kazi, kwa hiyo ngozi ya juu hubaki mbichi hata kama chini pameshika vizuri. Funika tone la mwisho kwa kipande chembamba cha plastiki angavu kabla ya kuwasha taa, kisha kwangua mabaki kwa wembe. Hapo hakuna msiba.

Gundi iliyobaki laini ndani ndiyo ya kuogopwa, na hapo taa ihojiwe. Nyingi ya gundi hizi hutaka mionzi ya nanomita 365 hivi. Vitochi vingi vya kukagulia noti hutoa karibu 395, tena kwa nguvu ndogo. Tyubu iliyozeeka nayo huendelea kung'aa zambarau huku mionzi yake imeshapungua, kwa hiyo jicho si kipimo. Na taa iwe nje ya gari. Ukimulika kutoka ndani, ule utando wa plastiki hunyonya sehemu kubwa ya mionzi kabla haijalifikia jeraha.

Tatizo kubwa zaidi Kilwa ni jua kuitangulia taa. Wilaya hii iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na mnamo Februari na Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini. Fundi huhamia chini ya mwembe akidhani amejikinga, kumbe mionzi ya urujuanimno hutawanywa na anga lote na mchanga mweupe huirudisha juu. Gundi huanza kuganda mlangoni mwa jeraha wakati ncha za nyufa bado tupu. Litazame jeraha kwa pembeni: mstari unaometa kama fedha ni hewa iliyofungiwa. Dawa ni kuziba mwanga kwa kitambaa cheusi kizito au boksi, kuanzia tone la kwanza hadi nyufa zote zitakapojaa, na kutoiacha chupa ya gundi juu ya dashibodi hata kwa muda mfupi.

Kisha unyevu. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei mvua huingia katika jeraha lililo wazi, na hata kiangazi upepo wa bahari huleta chumvi, ambayo hufyonza maji ya hewani. Gundi haishikani na kioo chenye maji. Ndipo ule ukungu mweupe unapotokea. Wenye magari huongeza tabu kwa nia njema: huosha gari kwa sabuni asubuhi ya siku ya matengenezo ili fundi alikute safi, na sabuni ikazama ufani. Jeraha likaushwe polepole kwa hewa ya uvuguvugu, kisha kioo kiachwe kipoe. Usilikaushe kwa moto mkali, wala usimwagie maji baridi kioo kilichoshinda juani, kwa sababu ufa unaweza kukimbia mbele ya macho yako. Kioo kinachochoma kiganja bado hakijawa tayari: joto hukitanua na kuzibana nyufa, gundi isipenye. Miezi ya upepo wa kusi baada ya mvua kwisha, yenye hewa kavu na joto la wastani, ndiyo rafiki wa kazi hii.

Kosa la gundi halifutiki kirahisi. Ikishaganda ufani vibaya haivutiki tena, na gundi mpya haina pa kupita. Ufa uliofika ukingoni, jeraha lililotoboa hadi kioo cha ndani, au lililo mbele kabisa ya macho ya dereva, halifai kujazwa. Fundi mwaminifu atasema kioo kibadilishwe.

Kwa hiyo, dereva, kokoto ikikupiga Somanga au Nangurukuru, simama mahali salama, kausha kioo kwa kitambaa safi, bandika selotepu angavu juu ya jeraha, na usilioshe mpaka umfikie fundi.