Soko liko wazi, mpaka umefungwa: Maswali kutoka Chonyonyo

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

Msimu wa kahawa unapofika katika kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe, kinachotafutwa kwanza si mnunuzi, bali ni mikono ya kuchuma. Buni ikiiva haimsubiri mtu. Watoto wako shuleni, vijana wenye nguvu wamekwenda Bukoba na Mwanza au wako juu ya bodaboda, na mwenye kibanja amebaki na mkewe. Kwa miaka mingi pengo hilo limezibwa na vibarua kutoka Rwanda, Burundi na Uganda. Hupatana ujira, hupewa pa kulala, huchuma kahawa na kupalilia migomba, kisha huondoka. Wengine hawakuondoka. Walioa na kuolewa, wakazaa, na watoto wao wamekua pamoja na wetu.

Sheria humtazama mtu huyo kwa jicho jingine. Asiyekuwa na kibali cha ukaazi na cha kazi ni mhamiaji haramu, hata kama mwenye shamba anamhitaji na yeye mwenyewe ameridhika na ujira. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wasomaji wengi wa mkoa huu wamekuwa wakiulizana: nchi inayosema inafuata soko huria, yaani kila mtu auze na anunue kwa hiari yake, inawezaje kumzuia mtu asiuze kitu pekee alichonacho, nguvu za mikono yake?

Swali hili si geni. Mwaka 1776 Adam Smith, Mskochi ambaye wanauchumi humtaja kama baba wa elimu yao, aliandika kwa ukali dhidi ya sheria za Uingereza zilizomzuia maskini kuhama parokia moja kwenda nyingine kutafuta kazi. Kwake yeye kumwondoa mtu asiye na hatia mahali alipochagua kukaa kulikuwa dhuluma ya wazi. Karne mbili baadaye Milton Friedman wa Marekani, mtetezi mkubwa wa soko huria, alisita. Alikubali kwamba uhamiaji huru una manufaa, ila akaona hauwezi kwenda pamoja na dola inayogawa huduma na posho kwa kila anayeingia. Msomaji ataona kuwa hoja ya Friedman haina uzito mkubwa kwa kibarua wa Chonyonyo. Serikali haimpi posho yoyote, na akiugua, huponea mfuko wa aliyemwajiri au huruma ya jirani.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Kabla ya ukoloni Karagwe ilikuwa dola yenye mji mkuu wake Bweranyange, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiislamu kutoka pwani na Unyanyembe walipiga kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Speke alipita huko mwaka 1861, na Stanley, alipofika mwaka 1876, alimkuta Mwarabu aitwaye Hamed Ibrahim amekwisha kustakimu pale. Wafanyabiashara hao walikuwa wageni kwa kila kipimo, kwa lugha, kwa dini na kwa mavazi. Mfalme Rumanyika hakuwafungia njia, lakini pia hakuwaacha wazagae. Walikaa kwa idhini yake, mahali palipojulikana, na walimpa zawadi na heshima yake. Sisi Waislamu wa nchi kavu tunapojadili mgeni na mpaka, ni vyema tukumbuke kwamba dini yetu ililetwa huku na wageni waliokuja kutafuta soko.

Na soko lenyewe limo katika Sira. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina bila kitu, ndugu yake wa Kiansari alimtolea nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, akaikataa, akataka aonyeshwe tu lilipo soko. Hakika kisa hiki husimuliwa sana misikitini kwa ajili ya ukarimu wa Ansari, na mara chache kwa upande wa muhajiri, ambaye hakutaka kuwa mzigo wa mtu na alichohitaji ni kuruhusiwa kufanya kazi.

Hata hivyo, tusiifanye historia iseme lisilokuwamo. Sayyidna Umar (r.a.) alipoulizwa juu ya wafanyabiashara wa nchi za nje wanaotaka kuingia kuuza bidhaa zao, hakuwafungulia bure. Aliagiza watozwe sehemu ya kumi, kama wao walivyowatoza Waislamu walipokwenda kwao. Aliwaruhusu kuingia kwa masharti, na sharti lenyewe likapimwa kwa wanavyotendewa watu wetu huko ugenini.

Kipimo hicho ndicho tulichokiandika wenyewe katika mkataba. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Inataja uhuru wa bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji, pamoja na haki ya kuanzisha biashara na kuishi katika nchi mwanachama. Ukiisoma kwa makini utaona milango yenye makufuli. Uhuru wa wafanyakazi umefungwa katika orodha za kazi, na orodha ya nchi yetu iliwalenga zaidi wataalamu. Ardhi imeachwa chini ya sheria za kila nchi. Usalama na afya ya jamii vinaruhusiwa kuwa sababu za kuzuia. Hivyo mhandisi ana njia iliyoandikwa, mchuma kahawa hana, ingawa kwa Karagwe mchuma kahawa ndiye anayehitajika zaidi.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2013. Mwezi Julai Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke kwa hiari, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kubuni. Ujambazi wa silaha ulikuwapo kweli katika mapori ya mkoa huu, na malisho yalikuwa yamelemewa na mifugo. Tena mkoa huu haukuwa umesahau mwisho wa Aprili 1994, wakati takriban watu 250,000 walipovuka Rusumo ndani ya siku moja na kujaa Benaco, Ngara. Tanzania iliwapokea. Mtu asituambie kwamba Watanzania ni wachoyo wa ukarimu.

Lakini operesheni haikumtenganisha jambazi na mpaliliaji. Walivuka maelfu, wakiwamo waliokaa miongo kadhaa na waliozaliwa hapa hapa, na zilikuwapo familia zilizogawanyika, mume upande mmoja wa mto, mke na watoto upande mwingine. Hapo sheria ya uraia ya mwaka 1995 ina jambo ambalo kurasa hizi za familia haziwezi kulipita. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia ya kuomba uraia kwa ndoa yake. Mtanzania mwanamke aliyeolewa na mgeni hana njia hiyo ya kumpa mumewe. Nikah ni moja na mahari ni yale yale, wali na mashahidi wamekamilika, ila mlango wa pili haupo. Mzazi anayemwozesha binti yake kwa kijana kutoka ng'ambo ya mto, hata kama kijana huyo ni mwema na wa swala tano, aulize mapema habari za kibali. Si kukosa tawakkul kufanya hivyo.

Julai 2025 mjadala ulirudi kwa sura nyingine. Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, miongoni mwazo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali wa nyumba, na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekiuka hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Wakenya walilalamika kuwa amri hiyo inapingana na Itifaki. Wafanyabiashara wetu wengi walifurahi.

Mkulima wa Karagwe ana sababu ya kutofurahi upesi. Udalali wa nyumba hatausikia, lakini ununuzi wa mazao shambani unamgusa moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa katika kahawa, mwaka 2018 Serikali ikaelekeza iuzwe kupitia vyama vya ushirika, na muda wote huo kahawa imekuwa ikivuka kwa magendo kwenda Uganda kila bei ya huko inapokuwa bora. Wanunuzi wakipungua, anayenufaika ni mnunuzi aliyebaki.

Najua jibu litakalotolewa: butura. Mnunuzi huja na fedha taslimu wakati wa njaa au wa karo za shule, akainunua kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Huo ni uovu uliozimaliza nyumba nyingi hapa, na Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla kuonekana kuiva kwake, kama alivyokataza kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni ikajua bei. Aliyeruhusu malipo ya kabla aliweka masharti ya kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Zingatia kuwa makatazo hayo yanaiangalia biashara yenyewe, hayamuulizi mnunuzi anatoka nchi gani. Wanunuzi wengi wa butura ni raia wenzetu, wengine tunaswali nao safu moja. Amri ya kumfukuza mgeni imewaacha hao wakiwa na shindano dogo zaidi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, yapo mambo ambayo hayamo sokoni na taifa lina haki ya kuyalinda kwa mpaka: ardhi, usalama, na uamuzi wa nani awe raia. Vizuizi vya namna hiyo havigombani na soko huria kwa kuwa haviihusu biashara. Kinachogombana nalo ni kumzuia mtu asifanye kazi ambayo mwenye shamba anataka kumlipa, au asinunue kahawa ambayo mkulima anataka kumuuzia, kisha tukaiita hatua hiyo ulinzi wa mnyonge. Kibali cha msimu chenye ada ndogo, kinachotolewa kwenye vituo vya mpakani kama Murongo na Rusumo kwa miezi ya mavuno, kingemtambua mchuma kahawa kwa jina na sura, jambo ambalo hata askari wa usalama angelipenda kuliko mtu anayevuka usiku.

Tena sisi wenyewe tuna watoto ugenini. Familia ngapi za Kiislamu zina binti anayefanya kazi za nyumbani Muscat chini ya mfadhili, ambaye kibali chake kimefungwa kwa tajiri mmoja na hawezi kuhama hata akidhulumiwa? Tunapompigia simu tunamwombea apate mtu wa kumtendea haki. Mama wa yule kijana anayepalilia migomba Chonyonyo naye yuko ng'ambo ya Kagera, na simu anayo.