Figo zetu huchujaje damu?

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni 1. Humo damu husukuma maji yake nje kwa nguvu ya milimita 55 hivi za zebaki. Protini za damu huyavuta yarudi kwa 30, na maji yaliyokwisha kuchujwa huyazuia kwa 15. Zasalia 10 tu, nazo zatosha kumchujia mtu mzima lita 180 kwa siku! Karibu zote hurudi damuni. Mkojo ni lita 1 na nusu hivi.

Basi mtoto akiharisha mno, damu hupungukiwa maji, msukumo hushuka, mkojo huweza kukoma. Wazazi, tusingoje: tumnyweshe dawa ya chumvi na sukari iliyokorogwa katika maji safi, tumpeleke hospitalini upesi.