Miti ya Sigi na bomba la Tanga

Ndugu zangu, maji ya bombani jijini Tanga hayaanzii kwenye Bwawa la Mabayani. Bwawa lile hupokea tu. Yanaletwa na Mto Sigi, ambao wengine huuita Zigi, unaoteremka kutoka Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Kwa hiyo udongo ukihama shambani kule juu, unahamia bwawani kwetu.

Shamba la mlimani lina maadui wawili. Upepo hukausha ardhi, hulaza mahindi na kuvunja migomba. Mvua nayo huzoa udongo na kuutupa mtoni.

Kinga ya upepo ni safu za miti upande unakotokea upepo. Lakini zisiwe ukuta. Upepo ukigonga kitu kisichopitisha hewa huruka juu, kisha huanguka kwa kishindo upande wa pili. Miti iliyoachiwa nafasi huuchuja. Safu zenye urefu wa mita 10 huweza kutuliza upepo kwa mita 100 hivi.

Kinga ya mvua ni mistari ya miti na majani inayokatiza mteremko. Maji hupunguza mwendo, huacha udongo na kuzama ardhini. Mgrivilea hufaa, maana hausumbui sana mazao. Mkaratusi hunywa maji mengi, usipandwe karibu na chemchemi.

Usambara imeyajaribu haya. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Mlalo kulima kwa matuta. Kazi ilikuwa nzito, wananchi wakakataa, na katika miaka ya 1950 mpango ukafa. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ulikuja na mistari ya miti na majani ya Guatemala. Humo mkulima alipata kuni, mbao na malisho ya ng'ombe.

Hapo ndipo penye somo. Mwenye ekari moja akitoa kipande apande miti, mwaka huu anapungukiwa mahindi. Faida yake ni ya baadaye, lakini maji safi tunakunywa sisi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tusiishie kumlaumu mkulima kwa tope la mto. Wakulima wa bonde hilo wanao umoja wao, UWAMAKIZI. Naona ni haki sehemu ya fedha tunazolipia maji ipande mlimani kununua miche na kufidia jasho lao. Kuzuia udongo shambani ni nafuu kuliko kuuchota bwawani.