Malawi na Dola za Tumbaku

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Aprili, malori yaliyosheheni marobota ya tumbaku hufuatana kuelekea mnada wa Kanengo jijini Lilongwe na ule wa Limbe, pembeni mwa Blantyre. Wanaofuatilia bei ya siku si wakulima peke yao. Mwenye duka la vipuri, mwenye kituo cha mafuta, hata mfamasia wa hospitali ya wilaya, wote wanajua kwamba zao hilo ndilo linaloiletea Malawi takribani nusu ya fedha zake za kigeni. Mnada ukidorora, petroli huadimika na dawa nazo huadimika.

Nchi hii haikuangushwa na vita. Tangu ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964 haijapigana yenyewe kwa yenyewe. Mahakama ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais wa 2019, wananchi wakapiga kura upya Juni 2020, na Peter Mutharika aliyekuwa Ikulu akashindwa na Lazarus Chakwera. Septemba 2025 wapiga kura wakamrudisha Mutharika. Ni sifa kubwa, tena ya kuonewa wivu. Hata hivyo, kwa hesabu za Benki ya Dunia, watu wapatao saba katika kila kumi huishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku.

Sababu ya kwanza ya umaskini huu iko shambani. Watu zaidi ya milioni 20 wamebanana katika nchi nyembamba, ambayo sehemu yake moja katika tano ni maji ya Ziwa Nyasa, au Ziwa Malawi kama wanavyoliita wenyewe. Wengi wao wako vijijini, na familia nyingi zina shamba lisilotimia hekta moja. Hapo hupandwa mahindi, maana mlo bila sima huko hauhesabiwi kuwa mlo. Msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kufikia Januari ghala la nyumbani limekwisha na mahindi mapya bado hayajabeba. Baba na mama hulazimika kwenda kulima vibarua katika mashamba ya wengine ili wapate unga wa siku, na hizo ndizo wiki ambazo shamba lao wenyewe linahitaji palizi. Magugu hushinda, mavuno hupungua, na Januari inayofuata njaa huja mapema zaidi. Anayewaita wakulima hawa wavivu hajawahi kuwatazama wakifanya kazi.

Serikali imejaribu. Mwaka 2005 Rais Bingu wa Mutharika alianzisha mpango mkubwa wa mbolea ya ruzuku, ingawa wafadhili wengi walikuwa na mashaka nao. Mavuno yalipanda hadi Malawi ikawa inauza mahindi Zimbabwe. Yalikuwa mafanikio ya kweli. Lakini mbolea ile hununuliwa nje, na kila mfuko hulipiwa kwa dola zilezile za tumbaku zinazogombaniwa na mafuta na dawa. Dola zilipopungua, sarafu nayo iliporomoka: Mei 2012, Mei 2022, kisha Novemba 2023, ambapo dola moja ilipanda kwa siku moja kutoka takribani kwacha 1,180 hadi 1,700. Mwalimu aliyelala na mshahara wake aliamka nao umepungua, bila kupunguziwa hata tambala moja, yaani senti ya kwacha.

Kisha kuna hali ya hewa. Januari 2022 dhoruba Ana ilibomoa bwawa la Kapichira katika Mto Shire, ambao ndio unaozalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, na takribani theluthi moja ya uwezo wa kuzalisha umeme ikapotea. Machi 2023 kimbunga Freddy kikapiga kusini. Watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata ukaja ukame.

Matumaini yapo, na yana anwani. Huko Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, mgodi wa urani wa Kayelekera uliofungwa 2014 ulianza tena uzalishaji 2025. Kasiya, nje ya Lilongwe, kuna akiba ya rutaili, madini yanayotoa titani, iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani, pamoja na madini ya kinywe. Kwenye Bonde la Shire wanajenga mifereji inayolenga kumwagilia zaidi ya hekta 40,000, na katika mto huohuo umepangwa mradi wa umeme wa Mpatamanga.

Kati ya hayo yote, umwagiliaji ndio wenye uzito zaidi. Madini huajiri wachache na bei yake hupangwa mbali, wakati shamba linalovunwa mara mbili kwa mwaka humtoa mkulima katika kibarua cha Januari.

Tanzania nayo imo katika habari hii. Kufikia Aprili 2025 nchi hizi mbili zilikuwa zimefungiana milango ya mazao, na kwa siku kadhaa malori yakakwama mpakani Songwe. Mzozo ulimalizwa kwa mazungumzo, lakini waliopata hasara ni wakulima wa pande zote mbili. Malawi haina bahari, na bandari ya Dar es Salaam ni mojawapo ya njia zake chache za kuufikia ulimwengu. Jirani mwenye bandari asikubali tena kuifunga njia hiyo kwa hasira za msimu mmoja.