Daftari la kinyonga

Nilidhani amekosea herufi. Kwenye daftari la shule lililochakaa pembe, mwongoza watalii niliyempata Lushoto alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Kinyongia, wanne." Nikamuuliza hiyo i kabla ya a ya mwisho imetoka wapi.

"Wameiongeza wataalamu, kaka. Neno ni letu, mkia ni wao."

Hakuwa anatania. Mwaka 2006 watafiti Colin Tilbury, Krystal Tolley na Bill Branch waliwatenga vinyonga kadhaa wa misitu ya Afrika Mashariki, wakawapa jenasi ya peke yao, na jina wakalichukua kwenye Kiswahili. Mtaalamu wa Berlin akimwandika mnyama huyu leo, hana budi kuandika neno ambalo bibi yangu hakulitaja bila kutema mate pembeni. Mimi nilikuwa nimepanda Lushoto kuandika bei ya kabeji. Kabeji ikasubiri.

Tulitoka saa mbili usiku, baridi ya kutosha sweta mbili. Nilitarajia tuingie ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, kwenye miti mikubwa ya mikulo. Yeye akashika njia ya ukingoni, kati ya ua wa vichaka na shamba la mtu. Hakumulika chini wala mbali. Aliipitisha tochi taratibu juu ya majani, kama mtu anayepiga pasi.

"Huyo."

Sikuona kitu. Akausogeza mwanga kidogo, na pale kwenye ncha kabisa ya kitawi, mahali ambapo hata ndege angesita kutua, alikuwepo kinyonga amelala. Usiku ngozi yake hupauka. Mchana angekuwa jani kati ya majani; sasa alikuwa mweupe wa ndimu iliyonyauka, na kila kijani kilichomzunguka kilikuwa kimemsaliti. Mkia ameuzungusha kama ukili uliokunjwa kusubiri kushonwa mkeka. Puani pembe mbili bapa, zimekwenda sambamba, zina magamba makavu. Miguu ya mbele imekishika kitawi kama koleo: vidole vitatu ndani, viwili nje. Ya nyuma ni kinyume chake, viwili ndani, vitatu nje. Nilihesabu mara mbili.

Kwa nini alale nchani? Mwenzangu akagusa shina la kichaka kwa ukucha, kidogo mno. Jicho moja likafunguka. Nyoka akija lazima apite kwenye tawi, akaeleza, na tawi likitikisika kinyonga hujiachia, akaanguka gizani. Nilitaka kumshika. Akanizuia mkono.

"Ukimwamsha saa hizi unamtesa. Mwache, bwana."

Ujuzi huo hakuupata darasani. Utotoni yeye na wenzake walimpiga kinyonga mawe. Ujanani alimkamata: kulikuwa na wanunuzi waliowasafirisha ng'ambo kufugwa kwenye vioo, na usiku ndio ulikuwa wakati wa kazi. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na yeye akabaki na macho yaliyokwisha zoea. Alilipwa kiasi gani kwa mmoja? Akanyamaza, akafungua daftari.

Tarehe, njia, idadi, aina ya kichaka. Kinyonga wa pale tulipokuwa tumesimama, Usambara ya Magharibi, anaitwa Kinyongia multituberculata, jina lililotolewa na Mjerumani Fritz Nieden mwaka 1913. Daftarini amefupishwa kuwa "multi". Kwa muda mrefu alichanganywa na ndugu zake chini ya jina la fischeri, hadi mwaka 2008 walipotenganishwa. Usambara ya Mashariki wapo wengine, mmoja akiitwa vosseleri, kwa heshima ya Julius Vosseler wa kituo cha Amani. Nikauliza imekuwaje milima iliyo karibu hivi ikawa na vinyonga tofauti.

"Bonde la Lwengera ndiyo bahari yao. Kule chini joto, kukavu. Nani atavuka?"

Jina analolipenda zaidi ni la kinyonga ambaye hajawahi kumwona, wa nyanda za juu kusini: Kinyongia msuyae, aliyetangazwa mwaka 2015 na kupewa jina la Charles Msuya, mtafiti Mtanzania. Alilitamka polepole, mara mbili.

Ukurasa mmoja ulinigandisha. Sehemu ileile ya njia: watano, wanne, sita. Kisha maneno "ua umekatwa", na chini yake sifuri, sifuri, sifuri. "Multi" hupenda ukingo wa msitu, vichaka na hata bustani. Msitu una askari wake. Ua ni wa mwenye shamba, na mwenye shamba ana watoto wanaosoma. Wale sita walihama au walikufa? Hajui. Watafiti wanaompitia je, wamewahi kulisoma daftari hili?

"Huwa wanampiga picha kinyonga."

Asubuhi nilirudi peke yangu hadi kwenye kichaka kile, nilichokuwa nimekiwekea alama ya jiwe. Nilitafuta jani kwa jani, karibu nusu saa. Mama mmoja mwenye jembe begani akasimama. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umepoteza nini, mwanangu?"

"Kinyonga, mama."

Akanitazama, akakitazama kichaka, akavuka upande wa pili wa njia.