Roketi ya Hatua Mbili: Pesa Inakwenda Wapi?

Aliyezoea kurusha roketi za mfano za injini moja hatimaye hutamani kuongeza nyingine juu yake. Mbele yake kuna njia mbili: baruti au kompositi. Asitazame bei ya injini peke yake. Kinachotenganisha gharama ni namna ya kuwasha injini ya juu hewani, na namna ya kuvipata vipande vyote vikishaanguka. Bei za hapa ni makadirio ya Marekani.

Baruti

Hii ndiyo njia ya Estes, kampuni ya Penrose, Colorado. Injini ya chini huishia na sifuri, mfano C6-0: haina muda wa kusubiri wala baruti ya kufungulia parachuti. Inapokwisha kuungua, moto hutoboa juu na kuingia kwenye mdomo wa injini ya pili, nayo huwaka papo hapo. Kuziunganisha ni kazi ya selotepu tu. Kipande cha chini, kwa wepesi wake, huanguka kwa kubiringika, hakihitaji parachuti. Seti kama Comanche-3, yenye hatua tatu, ni makumi machache ya dola, na injini ni dola chache kila moja.

Piga hesabu, hata hivyo. Injini ya C haizidi nyutoni-sekunde 10 za msukumo, ya D haizidi 20. C mbili, basi, hazipiti D moja iliyojaa. Faida ya hatua mbili ni kuangusha uzito uliokwisha kazi. Tena C6-0 ya chini na C6-7 ya juu huuzwa katika pakiti tofauti, kwa hiyo mruko wa kwanza unakudai pakiti mbili.

Kompositi

Fueli hii ya amoniumu pakloreti na mpira hutoa zaidi ya maradufu ya msukumo wa baruti kwa uzito uleule, lakini haiwashwi kwa cheche za injini ya chini. Utahitaji saketi ya kuhesabu muda au kupima mwinuko, betri, swichi na kiwashio. Saketi ndogo ya kulehemu mwenyewe ni makumi ya dola. Yenye jairoskopu, kama TeleMega ya Altus Metrum, ni mamia, ila hukataa kuwasha injini ya juu roketi ikiwa imelala. Kipande cha chini nacho ni kizito, kwa hiyo kinadai parachuti yake, na mara nyingi saketi yake pia.

Sheria huongeza gharama. Roketi ikizidi gramu 1500, au fueli ya hatua zote kwa jumla ikipita gramu 125, inahitaji kibali cha mamlaka ya anga ya Marekani, FAA. Injini za H na kuendelea huuziwa mwenye cheti cha chama cha roketi, NAR au Tripoli.

Uchague ipi?

Ukitafuta kimo tu, nunua D moja na roketi nyembamba. Ukitaka kujifunza hatua mbili, anza na baruti, na chini uweke D12-0: roketi inayoondoka polepole hugeukia upepo, kisha injini ya juu huisukuma pembeni. Ukiingia kwenye kompositi, nunua saketi inayotambua mwinamo kabla ya injini kubwa. Pesa ikitosha kimoja tu, nunua saketi, injini isubiri msimu ujao.